Namna ya Kuiambia Familia Kwamba Kazi Inayumba, na Kupanga Miezi Inayofuata

Jijini Mwanza riziki hukatika kwa njia nyingi, na mara nyingi hakuna aliyekosa. Sangara wanapopungua ziwani, viwanda vya minofu hupunguza zamu, na wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa ni vibarua. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, wasafiri wa Sengerema na Geita waliondokana na adha ya kusubiri kivuko, lakini mama aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma kwenye foleni ile ya magari aliondokewa na wateja aliowategemea. Wengine huachishwa kazi dukani, hotelini au shuleni kwa sababu mwajiri ameishiwa. Mwongozo huu unamhusu baba au mama ambaye ameshaambiwa, au ameanza kuona dalili, kwamba kipato chake kiko mashakani, ila hajui aanzie wapi kulisema jambo hilo nyumbani.

Ninaliweka suala la kusema mbele ya suala la fedha kwa makusudi. Fedha ikipungua, nyumba nyingi hupata namna ya kuishi. Kinachozivunja ni ile miezi ambayo mtu anaondoka kila asubuhi amevaa nguo za kazi, anashinda kijiweni, kisha anarudi jioni na fedha ya kukopa ili isijulikane kwamba hana kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na deni la siri nalo humuumbua aliyelificha, kwa kuwa mke au mume hulijua siku mkopeshaji anapobisha hodi akiwa na vijana wa kubeba televisheni.

Kuzungumza na mwenzi wako

Mwenzi wako na awe wa kwanza kujua, kabla ya rafiki wa kazini, kabla ya mchungaji au shehe, na hata kabla ya mama yako mzazi. Akilisikia sokoni kutoka kwa jirani, utakuwa na majonzi mawili ya kuyatuliza badala ya moja.

Chagua saa. Usilitoe jambo hili usiku wa manane mkiwa kitandani, wala wakati mwenzako ndiyo kwanza ametua beseni kutoka soko la samaki la Mwaloni akiwa amechoka, wala mbele ya wageni. Jumapili alasiri hufaa, au baada ya chakula cha jioni watoto wakishalala. Wanaopanga chumba kimoja au viwili katika nyumba za milimani, Mabatini au Igogo, ambako dari halipo na sauti huvuka ukuta hadi kwa mpangaji wa pili, na watoke wakatembee. Mazungumzo ya namna hii hayafai kufanywa kwa kunong'ona kwa hofu ya majirani.

Sema kwa maneno machache, na useme unachokijua tu. Kwa mfano: "Mama Kulwa, kazini wametuambia kwamba mwezi ujao watapunguza watu. Sijajua kama nimo. Nimeona tukae tulitazame pamoja kabla halijafika." Kisha nyamaza. Wanaume wengi huharibu hapa, kwa sababu baada ya sentensi ya tatu huanza kumwaga mipango ya kufuga kuku, kununua pikipiki ya mkopo au kwenda kuchimba dhahabu Geita, na mwenzake hapati nafasi hata ya kushtuka. Atauliza kuhusu kodi, atauliza kuhusu ada, pengine atalia au atakasirika. Mwache. Kwa swali ambalo huna jibu lake, sema kwamba huna.

Anayepokea habari naye ana wajibu. Swali la kwanza lisiwe "Umefanya nini mpaka wakuondoe?" hata kama linakuwasha ulimini. Mpe pole kwanza, umuulize amelibeba jambo hilo peke yake tangu lini. Ninasisitiza haya kwa wanawake na wanaume sawasawa, kwa kuwa siku hizi ni nyumba nyingi zinazosimama kwa mshahara wa mama, na mume aliyezoea kupewa hesabu hushindwa kumpa mwenzake faraja pale hesabu inapokuwa mbaya.

Jambo moja lisiguswe siku hiyo ya kwanza: hisa za mke katika VICOBA, yaani kikundi chake cha kuweka na kukopeshana. Fedha ile ameiweka kidogo kidogo kwa masharti ya kikundi, na mara nyingi haitoki mpaka siku ya mgao. Kumwambia aitoe kabla hata machozi hayajakauka ni kumfanya aone kwamba aliitwa kwenye kikao ili achangishwe. Akiitaja mwenyewe baadaye, hilo ni jambo jingine.

Kujua haki yako kabla ya kusaini chochote

Kwa aliyeajiriwa, ndani ya siku hizo hizo fuatilia stahili zako, kwa maana ndizo zitakazowapa muda wa kupumua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kuwapa taarifa mapema na kushauriana nao, au chama chao, kuhusu sababu za kupunguza, njia za kuepuka kupunguza, na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, akishavuka mwezi wa kwanza wa kazi, notisi yake haipungui siku 4.

Kisha kuna kiinua mgongo cha kuachishwa kazi. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi hulipwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, mwisho miaka 10. Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 300,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki, na aliyemaliza miaka 6. Mshahara wake wa siku hupatikana kwa kugawanya 300,000 kwa 26, yaani takriban shilingi 11,538. Siku zake ni 42. Malipo yake ni kama shilingi 484,600. Juu ya hayo anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, fedha ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Kama aliajiriwa kutoka mahali pengine, sheria inampa pia haki ya kusafirishwa kurudi huko.

Usisaini karatasi inayosema umelipwa kila kitu kabla ya kuisoma nyumbani pamoja na mtu mwingine. Na ukiamini kwamba umeachishwa isivyo halali, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku hizo hupita upesi kuliko mtu anavyodhani, hasa kwa anayeendelea kuahidiwa kwa mdomo kwamba "subiri, tutakuita".

Pita pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uombe taarifa ya michango yako, uhakikishe kwamba kilichokatwa kwenye mshahara kilifika. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake anaweza kuomba fao la upotevu wa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kama familia ilikuwa na bima ya afya kupitia kazini, uliza kadi itakoma lini, na anayehitaji matibabu yanayoweza kufanyika sasa ayafanye sasa.

Daftari, na yale yanayojulikana na watu wa dagaa

Kikao cha pili kifanyike baada ya siku tatu au nne, safari hii mkiwa na daftari. Katika siku hizo andikeni kila kinachotoka: unga, mkaa, ndoo za maji, umeme wa LUKU, nauli ya daladala, sabuni, vocha, na ile mia tano ya mtoto ya asubuhi. Andikeni usiku huo huo, maana kesho hakuna anayekumbuka. Halafu jiulizeni juu ya kila mstari kama hauwezi kusubiri, unaweza kupunguzwa, au unaweza kusimama kabisa. Kila mmoja aanze na mstari wake mwenyewe, baba na soda zake na mama na kitenge cha sare, kabla hajagusa wa mwenzake.

Kuhusu kuugawa mwezi, sijaona walimu bora kuliko familia zinazoishi kwa dagaa katika mialo ya Igombe na visiwa vya Ukerewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, kwa hiyo mwezi unapong'aa hawakusanyiki, na mitumbwi hukaa ufukweni. Mama anayenunua ndoo kwa ndoo na kuanika kwenye vichanja anajua kwamba baada ya siku za giza zitakuja siku za mbalamwezi, karibu theluthi ya mwezi, ambazo hakuna kitakachoingia. Basi wakati wa giza hanunui chakula cha kesho peke yake. Ananunua kwanza debe la mahindi, anaweka michembe ya viazi kwenye gunia, analipa deni la dukani, na kilichobaki ndicho anachokula nacho vizuri. Mwenye mshahara amezoea kuiona tarehe 30 kama jambo la hakika, hivyo hajajifunza kula huku akiitazama mbalamwezi. Fedha ya kuachishwa kazi na ipangwe kwa namna hii: kwanza chakula kikavu cha miezi mitatu, kisha kodi, na mtaji uje wa mwisho. Najua wengi watapinga na kusema mtaji kwanza. Lakini biashara changa inayotegemewa kulisha watu sita tangu wiki yake ya kwanza huliwa yote kabla haijasimama.

Kwa mwenye nyumba nenda kabla kodi haijaisha, ukiwa na sehemu ya fedha mkononi, umwombe kulipa mwezi mmoja mmoja badala ya mitatu au sita. Kwa mwenye duka mnapokopa unga, sema hali ilivyo na mkubaliane kiwango ambacho hamtakivuka.

Ikopwe wapi, basi? Kwa kadiri inavyowezekana, popote isipokuwa kwenye kausha damu. Mtu anayekupa laki moja leo, akachukua kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, na kudai marejesho kila siku, anakopesha kwa kutazama samani zako. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni na watu wanaokopesha hivyo wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Omba kuiona, na asiye nayo muage. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi na huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hiyo inafaa kwa biashara iliyokwisha kufikiriwa, na haifai kabisa kwa kununulia unga.

Watoto na ndugu

Watoto waambieni, kila mmoja kwa umri wake, wazazi wote wawili mkiwapo. Mtoto wa darasa la pili inamtosha kujua kwamba baba atakuwa nyumbani kwa muda na kwamba chakula kitakuwapo. Kijana wa kidato cha pili aonyeshwe ukurasa wa daftari. Ikiwa mtoto anasoma shule ya kulipia na mnaona hamtaiweza, mwambieni mapema, msisubiri arudishwe getini mbele ya wenzake. Ada ilifutwa katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Zitabaki sare, madaftari na michango ya chakula. Kuhama si aibu, na mtoto ataamini hivyo iwapo atawasikia wazazi wakilisema bila kuinamisha vichwa.

Lipo moja ambalo siwezi kulipita kimya. Msimtume mtoto mlangoni akamwambie anayedai kwamba baba hayupo, na baba yupo ndani. Toka mwenyewe, mpe kiti, mwambie lini utalipa na kiasi gani. Mtoto aliyefundishwa kudanganya kwa ajili ya nyumba yake hataiacha kazi hiyo siku deni litakapokwisha.

Ndugu wa Magu, Kwimba au Ukerewe waliozoea kutumiwa fedha kila mwezi nao wanastahili kauli. Piga simu kwa mkubwa mmoja anayeheshimiwa, umwamkie, umwachie naye akujulie hali, kisha useme: "Shikamoo baba mkubwa. Kazi imesimama. Dawa za bibi nitaendelea kuzituma, mengine naomba mnivumilie mpaka nitakapowaambia." Atakaposikia kwamba dawa hazijakatwa, yeye ndiye atakayewanyamazisha wengine. Michango ya harusi na sherehe za kumuaga binti, omba radhi mara moja kwa mwenyekiti wa kamati badala ya kuahidi na kujificha. Msiba ni tofauti. Nenda, hata kama huna rambirambi: beba maji, pasua kuni, lala matanga. Kwa Wasukuma na kwa wengi wa pwani hii ya ziwa, aliyefika na mikono yake hahesabiwi kuwa hakuchangia.

Kikao cha tatu kiwekeeni tarehe mapema, mwezi mmoja baada ya kile cha daftari, na mkutane hata kama hakuna jipya. Linganisheni mlichoandika na kilichotokea. Kazi ikipatikana, mshahara wa kwanza ulipe deni la dukani, wa pili uanze kupunguza kodi iliyolimbikizwa, na kikao cha mwezi kiendelee hivyo hivyo.