Kupima maumivu wodini: somo kwa wanaoanza zamu

Kila wanafunzi wapya wakiingia wodi za hapa Mombasa, swali huwa lile lile: "Sista, maumivu hayana mashine, yapimwaje?" Nimechoka kulijibu kwa simu usiku wa manane. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Jitambulishe, vuta pazia, keti.

2. Uliza, lakini si kwa salamu. Ukisema "Waonaje leo, mama?" utajibiwa "Alhamdulillahi, sijambo", hata kama tumbo limeshonwa jana. Hiyo ni adabu yake, usiiandike kwenye chati. Uliza wapi panauma, panaumaje, maumivu yanaelekea wapi, nini huyazidisha, nini huyatuliza. Kisha nyamaza umsikilize. Panapopwita, kagua jipu. Tumbo linalonyonga na kuachia, fikiria utumbo au mawe ya figo. Miguu inayowaka moto na kufa ganzi kwa mwenye kisukari ni mishipa ya fahamu. Diklofenaki haitamfaa kitu, muulize daktari kuhusu amitriptilini.

3. Omba namba, 0 hadi 10. Asiyeelewa namba mwonyeshe nyuso za Wong-Baker, zile picha za kutoka uso unaotabasamu hadi unaolia, kuanzia miaka 3. Mtoto asiyeweza kusema, tumia FLACC: uso, miguu, mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja 0 hadi 2.

4. Pima akiwa anasogea. Hapa ndipo wengi huharibu. Mgonjwa aliyetoka upasuaji, amelala chali hajitikisi, atakwambia 2. Mwambie akohoe au ageukie ubavu, utasikia 7. Ukiandika ile 2 peke yake, dawa itapunguzwa. Naye atakuwa anapumua juu juu na kuogopa kukohoa, makohozi yatatuama, mwisho umtibu nimonia ambayo hakuja nayo. Andika namba mbili: akitulia na akisogea.

ONYO: usingizi si ushahidi kwamba haumwi. Presha na mapigo ya kawaida pia si ushahidi. Na usimpunguzie namba kwa sababu umemkuta anachezea simu. Muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, alifundisha tangu 1968 kwamba mwenye maumivu ndiye mwenye kauli, na bado kuna watu wazima wanabishana na mgonjwa kitandani.

5. Toa dawa kwa saa zake, usingoje alie. Ngazi ya dawa za maumivu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 1986 bado yasaidia kwa mtu mzima: parasetamoli kwanza, isizidi gramu 4 kwa siku, kisha kodeini, na yakiwa makali zaidi, ndipo morfini. Lakini mwenye 9 usimpandishe ngazi moja moja, anzia juu. Kabla ya diklofenaki au ibuprofeni uliza vidonda vya tumbo, figo, pumu na mimba. Kabla ya morfini hesabu pumzi. Zikiwa chini ya 10 kwa dakika, au mgonjwa haamshiki vizuri, usitoe. Mwite daktari, naloksoni, dawa ya kuzimua morfini, iwe karibu. Dawa ya kulainisha choo ianze pamoja na dozi ya kwanza.

6. Rudi. Sindano ya mshipa, ndani ya dakika 30. Dawa ya kunywa, baada ya saa 1. Uliza tena namba, uiandike kando ya ile ya kwanza.

MASWALI

Mwanagenzi_Tudor: Sista, nipe dozi ya morfini ya mtoto wa kilo 12, ni haraka.

Jibu: Siitoi hapa. Daktari aandike, mhesabu wawili, mtie sahihi wawili.

Bi_Kongowea: Shikamoo, dada. Tuna kijana wa siko seli, kila akija aitaja dawa kwa jina. Wenzangu wamwita mraibu. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kuuliza. Aliyeugua tangu utotoni anajua kinachomtuliza, kama mwenye pumu anavyoijua pampu yake. Hakuna kipimo cha damu kitakachokuonyesha ukali wa maumivu siku hiyo. Mpeni dawa mapema, maji, na joto. Barafu msiweke, baridi huzidisha. Pethidini iepukeni, mabaki yake mwilini yaweza kuleta degedege. Na msikilizeni kifua: akiwa na homa na pumzi za haraka, daktari aje sasa hivi.

Kaka_wa_Likoni: Si mumpige kila mtu sindano, kelele ziishe?

Jibu: Kitanda cha pili kina mtu wa figo. Soma hatua ya 5.

Binti_Nyali: Mamangu ana saratani, ameandikiwa morfini ya maji. Ndugu wasema itamuua upesi.

Jibu: Pole sana, mwanangu. Ikitolewa kwa kipimo alichoandikiwa, haiharakishi kifo. Ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Pima kwa sirinji, si kijiko cha chai. Siku za mwanzo atasinzia, ni kawaida. Asipoamshika, mpeleke hospitali. Coast Hospice, kituo cha kutuliza wenye maradhi mazito hapa Mombasa, wana wazoefu wa haya, nendeni nao wakawaeleze hao ndugu.

Sista_Changamwe: Ongeza na Ramadhani. Wagonjwa hushusha namba ili wasipewe vidonge mchana.

Jibu: Kweli kabisa. Muulize waziwazi kama amefunga. Morfini ya kutoka polepole, ya kila saa 12, daktari akikubali, hukaa vizuri kwenye futari na daku. Sindano nayo, wengi huikubali wakisemezwa na shehe wao.

Sista_Changamwe: Na wa kidole tumbo mimi huwauliza: "Tuktuk ilipopanda matuta, ulihisije?"

Jibu: Endelea kuuliza. Utafiti wa Uingereza wa 2012 ulikuta kwamba asiyeumia kwenye matuta ni nadra kuwa nacho.

Kaka_wa_Likoni: Na aliyekuja kwa feri?

Jibu: Huyo mwambie asimame kwa vidole vya miguu, kisha ajiachie kwa visigino.