Kabla hujaingiza akili mnemba ofisini, jibu hili: vijana watajifunzia wapi kazi?

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika, itoke Novemba 2022, kila bosi anataka akili mnemba ofisini kwake, na wengi wanaanza kwa kuulizia bei. Bei iulize mwisho. Kuna mambo ya kukaa nayo mezani kwanza.

Taarifa za wateja. Jina, namba ya simu na salio la mteja visibandikwe kwenye programu ya bure, hata kama una haraka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake tangu 2019. Hili halina mjadala.

Nani anasaini. Kila kinachotoka ofisini kiwe na mtu wa kukijibia. Juni 2023 jaji wa New York aliwapiga faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Februari 2024 shirika la ndege la Air Canada liliamriwa kumlipa abiria aliyepotoshwa na roboti ya kujibu maswali kwenye tovuti yao. Utetezi kwamba roboti ijibu yenyewe makosa yake haukupita, wala kwako hautapita.

Sasa hili la tatu naomba ulisome taratibu, maana ndilo linalorukwa. Kabla hujaamua kazi gani ipewe mashine, jiulize kazi hiyo ilikuwa inamfundisha nani. Karibu kila ofisi inaanza na zile ndogondogo: kuandika ripoti ya ziara, kuhakiki fomu, kujibu maswali ya mteja. Ndizo kazi za waajiriwa wapya, na ndizo wanazokomaa nazo.

Nimeliona hili kwenye taasisi moja ya mikopo midogo hapa Dar es Salaam. Zamani afisa mikopo mpya alizungushwa fildi na mkongwe mpaka viatu vinaisha. Kulikuwa na mama mmoja pale, fundi wa kusoma duka. Akifika haulizi mauzo. Ananunua soda, anakaa kwenye benchi, anaangalia. Atauliza bei ya kitu kilicho pembeni kabisa ya rafu, aone kama mwenye duka anaijibu papo hapo au anageuka kukitafuta. Atapitisha kidole juu ya makopo kujua mzigo unatoka au umelala. Akitoka hapo anapita kwa mama ntilie wa jirani, wanapiga soga. Kijana aliyefuatana naye alirudi ofisini na kuandika ripoti kwa mkono wake, na mama akaikata kalamu nyekundu. Ripoti ilikuwa mbaya. Ilikuwa shule.

Ukaja mfumo mpya. Mteja anapiga picha za duka, anajaza maswali kwenye simu, mashine inatoa alama na kuandika ripoti safi kuliko ya mtu yeyote pale ofisini. Ziara zikapunguzwa, vijana wakabaki kubofya "idhinisha". Mama akahamishiwa dawati la marejesho. Mikopo ikatoka haraka na kila mtu akafurahi, mpaka marejesho ya mtaa mmoja yakaanza kusuasua kwa pamoja. Mama akaomba aone picha zilizoombewa mikopo ile. Alizipanga mezani, akaweka kidole kwenye dumu la mafuta ya kula lililobonyea ubavuni, halafu akalionyesha dumu lilelile kwenye duka la pili, na la tatu. Watu walikuwa wanaazimana mzigo siku ya kupiga picha.

Mashine siilaumu sana, ilifanya ilichoambiwa. Kilichoniuma ni vijana. Walikuwa na akili, na picha zote zilipita mikononi mwao, lakini hakuna aliyewahi kufundishwa kulitazama duka. Na mama amebakiza muda mfupi astaafu.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha mfumo, tenga sehemu ya kazi ifanywe na watu kwa makusudi: kila afisa mpya awe na ziara zake na aandike ripoti mwenyewe kabla ya kuona ya mashine. Zinapopishana, wakae na mkongwe wabishane. Itachelewesha, ndiyo. Weka ucheleweshaji huo kwenye bajeti.

Ubunifu nao una utaratibu wake. Timu ikitaka wazo la tangazo au huduma mpya, waanze na karatasi, kila mtu peke yake, kompyuta zimefungwa. Utafiti uliochapishwa na jarida la Science Advances mwaka 2024 uliwapa waandishi mawazo ya akili mnemba ya kutungia hadithi fupi. Hadithi mojamoja zilionekana bora, ila zikaanza kufanana zenyewe kwa zenyewe. Kwa mwandishi mmoja hiyo ni faida. Kwa wauzaji wa Kariakoo wanaogombea mteja mmoja kwa tangazo la maneno yaleyale, sijui.

Usikimbilie kufukuza watu. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilijigamba mwaka 2024 kwamba roboti yao inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata ikarudi kutafuta wahudumu binadamu, mkuu wake akikiri ubora ulishuka. Wao wana mtaji wa kukosea. Wewe je?

Saa zitakazookolewa zigawe mapema, la sivyo zitamezwa na malengo mapya na hakuna atakayejifunza chochote. Wasikilize wa kaunta kabla ya wauza mifumo. Mkataba usomwe na mtu, ukurasa kwa ukurasa, hasa pale panaposema utajihuisha wenyewe kila mwaka kwa malipo ya dola. Nywila isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Fomu za karatasi msizitupe, umeme wenyewe mnaujua. Na yule anayekwambia mfumo wake haukosei, mwombe akuonyeshe ofisi inayoutumia, uende mwenyewe, ukae kwenye benchi uangalie.