Jinsi ya kuandaa pantomaimu ya Krismasi hapa Mombasa

Kama mna kikundi cha maigizo, hata kama ni watu wa kazi zao wanaokutana jioni tu, Disemba hii fanyeni pantomaimu. Shule zimefungwa, jamaa wameshuka kutoka bara, na familia inatafuta mahali pa kwenda pamoja, nyanya mpaka mtoto wa chekechea.

Pantomaimu ni mchezo wa Krismasi wa kule Uingereza: wanachukua hadithi ya zamani kama Aladdin au Cinderella, wanatia nyimbo na vichekesho, mwanamume anaigiza mama mtu mzima, msichana anaigiza kijana shujaa, alafu watazamaji wanazomea, wanajibu na kuimba. Joseph Grimaldi, mchekeshaji wa London aliyefariki 1837, alikuwa na wimbo anaoukata kabla ya neno la mwisho ili watu wamalizie wenyewe. Sasa hio ndo roho ya mambo. Mtazamaji ni mwigizaji, muandikieni sehemu yake kwenye skripti kama wengine.

Hapa kwetu watu wameshazoea kujibu toka utotoni, ukisema paukwa ukumbi mzima unaitika pakawa, kwa hivo anzeni hivo hivo. Hadithi mimi ningechukua Abunuwasi na sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria kadogo ndani, eti imezaa, jirani kwa tamaa yake anapokea bila swali, baadaye Abunuwasi anaazima tena na harudishi, akiulizwa anasema imekufa. Jirani mchoyo ndo wa kuzomewa. Kwa desturi mtu mbaya anaingilia mkono wa kushoto wa stejini na mtu wa kheri kulia (kushoto na kulia kwa mwigizaji anayewatazama watu), fuateni hio, maana watoto wakishaijua wanaanza kuzomea kabla hajatokea. Na ile vuta nikuvute imejiandika yenyewe: jirani anasema "Haijafa!", watoto "Imekufa!", "Haijafa!", "Imekufa!"

Mchezo wa nyuma yako unataka mazoezi kuliko yote. Shangazi, ndo yule mama mtu mzima wetu, anapika, jirani ananyemelea nyuma yake aibe kasufuria, watoto wanapiga kelele "Nyuma yako!" Shangazi anageuka kulia, jirani naye anazunguka naye kulia kulia, haonekani. "Hakuna mtu bana!" Mara ya pili kushoto. Mara ya tatu wanageuka wote wawili, pua kwa pua, wananyamaza kidogo, ndo mayowe. Shangazi akiwahi kugeuka kabla watoto hawajamaliza kusema mchezo umekufa, ndio maana wiki ya mwisho leteni watoto wa mtaani kwenye mazoezi, waigizaji waliozoea viti vitupu humeza majibu ya watu.

Huyo shangazi aigizwe na mwanamume anayejua kutawala nyumba. Asibane sauti wala kuwakejeli wanawake, kichekesho ni vile anavoamrisha kila mtu, mpaka Sultani. Mvisheni dera na leso za Mtaa wa Biashara, tumbo na makalio ya sponji nyepesi, sio mito, kwa joto la Disemba mito itamuangusha. Wenzetu wa Uingereza wana farasi anayeigizwa na watu wawili ndani ya vazi moja, sisi tufanye punda, wa nyuma anainama na kushika kiuno cha wa mbele, kitambaa kiwe cha pamba, na punda akae stejini dakika chache tu atoke anywe maji.

Ukumbi, kuna Little Theatre Club, mkikosa basi ukumbi wa shule au kanisa. Jaribuni sauti feni zikiwa zimewashwa, na kila mtu aweze kusikika bila maiki maana stima ikipotea ngoma na sauti ndo zitabeba shoo.

Karibu na mwisho shusheni kitambaa chenye maneno ya wimbo kwa herufi kubwa, upande wa kulia ushindane na wa kushoto. Watoto wanafurahi kweli, na huku nyuma ya pazia wenzenu wanapata muda wa kubadilisha nguo za harusi, maana kwa desturi pantomaimu inaisha na harusi. Wimbo utungeni wenyewe, za watu zina wenyewe. Peremende pia ni desturi, ila msirushe, shukeni mgawe mkononi, na msigawe mabuyu, ile rangi nyekundu kwenye nguo mpya za Krismasi mama zao hawatawasamehe.

Muda: anzeni saa tisa kamili, na mapumziko mara moja katikati, watu wauziwe viazi karai na juisi ya ukwaju (hapo ndo pesa ya ukumbi inarudi). Mmalize saa kumi na moja na nusu, anayewahi magharibi aiwahi, na wa Likoni wapande feri watoto hawajalala begani.