Seramu ya ngozi ya peptaidi, gramu 100, jinsi ninavyoitengeneza

Peptaidi ni kipande kifupi cha protini: asidi amino chache zimeungana kama shanga kwenye uzi. Ninayoitumia mimi ina shanga tano, mfuatano uleule uliomo kwenye kolajeni changa ambayo mwili hutengeneza; kolajeni ndiyo protini inayoipa ngozi uimara. Mwishoni imeshikizwa asidi ya palmitiki, ileile iliyojaa kwenye mawese, kwa sababu tabaka la juu la ngozi hukubali mafuta kuliko maji. Mwaka 1993 watafiti walionyesha katika maabara kwamba seli zikipewa mfuatano huu huongeza kutengeneza kolajeni. Kampuni ya Sederma ya Ufaransa ikaiingiza sokoni kwa jina la Matrixyl. Kwenye lebo itafute kama Palmitoyl Pentapeptide-4.

Malighafi hiyo haiji kama unga mtupu. Ni jeli ya gliserini na maji, na peptaidi yenyewe ni sehemu 100 tu katika milioni. Usidhani umepunjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowahusisha wanawake 93 wa Kizungu wenye umri wa miaka 35 hadi 55, ulitumia sehemu 3 katika milioni kwa wiki 12, na mikunjo midogo ikapungua. Hiyo ni sawa na gramu 3 kwenye tani nzima ya krimu! Basi gramu 5 za jeli katika seramu ya gramu 100, yaani sehemu 5 za peptaidi katika milioni, zinatosha.

Andaa vitu hivi: maji yaliyokenekwa gramu 86.7, gliserini 5, unga wa zanthani (wa kuifanya nzito) 0.3, panthenoli (ya kulainisha ngozi) 2, jeli ya Matrixyl 5, na kihifadhi cha fenoksiethanoli (natumia Euxyl PE 9010) gramu 1. Pima kwa mizani inayosoma hadi desimali mbili za gramu, kamwe usipime kwa kijiko. Maji ya betri ya gereji usiyaguse.

Hatua ya 1. Futa meza, vyombo na chupa kwa spiriti ya asilimia 70, viache vikauke vyenyewe. Nawa mikono, vaa glovu.

Hatua ya 2. Nyunyizia zanthani kwenye gliserini ukoroge mpaka uwe uji laini. Ukiutupa unga moja kwa moja kwenye maji, utafanya mabonge ambayo hayayeyuki hata ukoroge mpaka jioni.

Hatua ya 3. Pasha maji yafike nyuzi 75, yashikilie hapo dakika 20, kisha fidia kwa maji mengine yaliyokenekwa kiasi kilichopotea kama mvuke. Mimina polepole juu ya uji huku ukikoroga.

Hatua ya 4. Sasa subiri. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, maana mtu ana haraka na chombo bado kina moto. Joto na asidi kali hukata uzi wa peptaidi, shanga zikatawanyika, na kwa macho hutaona tofauti yoyote: seramu itang'aa vilevile, itanukia vilevile, ila haina kazi. Weka kipimajoto, usikisie kwa mkono. Ikishuka chini ya nyuzi 40, ndipo uingize panthenoli, kihifadhi, na mwisho kabisa jeli ya peptaidi. Koroga taratibu, usipige povu.

Hatua ya 5. Pima pH, yaani kiwango cha uasidi. Ninalenga kati ya 5 na 6. Ikiwa juu, dondoshea tone mojamoja la asidi sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji, ukipima kila baada ya tone.

Hatua ya 6. Jaza kwenye chupa ya pampu isiyopitisha mwanga, andika tarehe. Jaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku mbili. Kama unafikiria kuuza Tanzania, pitia TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwanza.

Matumizi: paka asubuhi na usiku kwenye ngozi safi, kisha losheni. Asubuhi malizia na kinga ya jua, kwani jua huvunja kolajeni kila siku, na peptaidi haiwezi kushindana nalo peke yake. Jipe miezi mitatu kabla ya kuhukumu.

Nina ombi moja kwa anayetumia mkorogo. Steroidi zilizomo kwenye krimu nyingi za kung'arisha huikondesha ngozi na kuzuia kolajeni ileile tunayoitafuta hapa. Haidrokwinoni na zebaki nazo zina madhara yake. Kuongeza seramu juu ya krimu hizo ni kujaza ndoo iliyotoboka. Lakini usiache steroidi ghafla, ngozi inaweza kulipuka. Mwone daktari wa ngozi akupangie.

Seramu hii naitumia ndani ya miezi mitatu, mbali na dirisha. Ikibadilika rangi au harufu, au ikianza kuvutika nyuzinyuzi, mwaga yote, hata kama imebaki nusu chupa.