Kuchonga dundu wa Kimisri kwa jiwe: toboa kwanza, urembo baadae

Watu wakitaka kuchonga hirizi ya Misri ya kale wanakimbilia jicho la Horus, yule mungu wao mwenye kichwa cha kipanga, au ankh, ule msalaba wenye kitanzi juu, mi nakwambia anza na dundu, yule anayeviringisha mavi, manake umbo lake ni kama yai lililokatwa nusu na hana kitu chembamba cha kuvunjika. Wamisri walimuona anasukuma donge lake wakasema huyu ni Khepri, mungu wa jua la asubuhi, anasukuma jua, ndo akawa alama ya kuzaliwa upya.

Tafuta jiwe la sabuni, ndo walilotumia kwa madundu mengi, laini hata kucha inalikwaruza. Wao wakishachonga walilichoma moto mkali sana likawa gumu na kupata ngozi ya kung'aa ya bluu au kijani, we usijaribu, jiko la nyumbani halifiki huko. Lichonge likiwa limelowa maji na uvae barakoa, vumbi lake sio la kuvuta, mengine yana asbesto ndani.

Haya, kata kipande cha sentimita 4 kwa 3, unene 2. Ya kwao mengi ni sentimita 1 au 2 tu ila kwa kuanzia hapo utalia. Chini sugua kwenye msasa mpaka pawe bapa kabisa. Sasa toboa! Tundu linapita kwa urefu, kichwani mpaka mkiani, toboa nusu, geuza, toboa upande wa pili yakutane katikati. Mi dundu wangu wa kwanza nilimaliza miguu, mabawa, kila kitu, nikaja kutoboa mwishoni, pah, vipande viwili. Keekee ya mkono inatosha, ya umeme ina papara.

Mgongo uviringe kwa tupa, afu kwa kisu piga mstari wa kukingama kutenga kifua na mabawa, mwingine ushuke kugawa mabawa mawili, ni herufi T tu hiyo. Miguu ikwaruze ubavuni, usiitoe nje.

Tumboni chora alama ya nefer, yaani wema, au ankh, uhai. Maneno ya dundu wa moyo usiyaguse, yule ni mkubwa, wa jiwe la kijani, wa kuwekwa kifuani kwa maiti, na sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu, yale maneno ya kumlinda marehemu, aliyochorwa inausihi moyo usije ukamsaliti mwenyewe mbele ya mizani ya kuupimia akishakufa, sasa we mzima unavaa ya nini?

Msasa wa maji namba 400, afu namba 1000, lipashe juani, paka nta, futa, pitisha uzi.