Kupunguza uzito magoti yakiuma: anza na maji ya kifuani

Goti langu la kulia lilianza kuuma nikiwa bado nafundisha, nikisimama ubaoni vipindi vinne mfululizo. Nilipostaafu nikadhani sasa litapumzika. Nikakaa. Nikanenepa, la kushoto nalo likaanza, na ngazi tatu za barazani kwangu hapa Tanga nikawa nazishuka kinyumenyume, mkono ukutani. Siku niliyopanda mizani ya zahanati ilisoma kilo 98, nami kimo changu ni sentimita 158. Nilikuwa na miaka 59.

Kila mtu aliniambia, "Mwalimu, punguza mwili." Hakuna aliyeniambia nitaupunguza kwa miguu ipi. Namwandikia mwenzangu aliyeko pale nilipokuwa mimi.

Nianze na nilipokosea. Nilijiunga na kikundi cha jogging cha Jumamosi alfajiri, wale wanaokimbia wakiimba. Watu wema, nyimbo zinapendeza. Jumamosi ya pili tulikimbia kama kilomita tatu kwenye lami, kisha tukaruka kamba. Kesho yake goti lilikuwa limevimba, halikunjiki. Wiki mbili sikutoka nje, nikimeza diklofenaki za duka la dawa mpaka tumbo likaanza kuniunguza. Dawa hizo usizizoee bila kumwona daktari, hasa kama una presha, vidonda vya tumbo au matatizo ya figo. Zinatuliza maumivu, lakini zinaweza kukuachia ugonjwa mwingine mkubwa zaidi.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyepelekwa kwake alikuwa kijana, rika la wanafunzi wangu wa mwisho.

"Shikamoo, Mwalimu. Wamekwambia ute wa magoti umekauka?"

"Marahaba. Ndivyo walivyosema."

"Haujakauka. Kilichochakaa ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Na gegedu halina mishipa ya damu. Linakula kwa kukamuliwa na kuachiwa, kama sponji, kila unapokunja goti na kulinyoosha. Ukikaa tu, unalinyima chakula."

Akaniminya paja, akatikisa kichwa. Msuli wa mbele ulikuwa umelegea, na msuli huo ndio unaopokea kishindo kabla hakijafika kwenye goti. Kisha akaniambia jambo ambalo silisahau: kila kilo moja unayopunguza mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Nilipiga hesabu pale pale. Nikipunguza kilo kumi, goti limetua kilo arobaini. Hiyo haiko mbali na mfuko wa saruji.

Kabla ya zoezi lolote, jifunze kipimo, maana bila kipimo utaacha siku ya tatu kwa hofu au utajiumiza kwa ushujaa. Yape maumivu alama, sifuri mpaka kumi. Wakati wa zoezi yakipanda mpaka tatu au nne, endelea. Yakizidi hapo, punguza mwendo au simama. Lakini hukumu yenyewe ni ya asubuhi ya pili. Ukiamka goti liko kama jana, zoezi lile ni lako. Ukiamka limevimba au linauma kuliko jana, zoezi si lazima liwe baya, ulizidisha. Pumzika siku moja, kisha rudi na nusu ya ulichofanya. Mimi niliandika kwenye daftari kila asubuhi: tarehe, alama, nilichofanya jana. Daftari hilo lilinifundisha kwamba goti langu halichukii kutembea, linachukia kutembea dakika arobaini kwa mkupuo mmoja.

Anza kitandani na kwenye kiti, kama wiki mbili hivi, kabla hujaenda popote. Kunja kanga, izungushe iwe kama mto mdogo, iweke chini ya goti ukiwa umelala chali. Likandamize goti chini kuibana kanga, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi kila mguu. Kisha kunja mguu mmoja, nyoosha mwingine, uinue kama shubiri mbili kutoka kitandani, hesabu tano, ushushe taratibu. Ukiwa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele yako mpaka paja likaze. Mwisho, simama kutoka kwenye kiti na kukaa tena bila kujirusha; kiti kikiwa kifupi weka mto juu yake, na mikono itumie mwanzoni. Mimi nilifanya haya maharage yakichemka. Hayapunguzi uzito kwa yenyewe, lakini usiyaruke, kwa kuwa ndiyo yanayokupa miguu ya kufanyia hayo mengine.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bahari tunayo na wengi wetu tunaitazama tu. Maji yakikufika kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako. Yakikufika kifuani, inabeba kama theluthi moja. Mimi wa kilo 98, mle ndani magoti yangu yalibeba uzito wa mtoto wa darasa la tano. Siku ya kwanza pale ufukweni Raskazone nilipiga hatua ishirini bila maumivu hata kidogo, nikalia. Nilikuwa nimesahau kutembea kulivyo. Na wakati huo huo maji yanakupinga kila upande, kwa hiyo misuli inafanya kazi na moyo unakwenda mbio bila kishindo chochote. Kuogelea si lazima ujue. Unatembea tu.

Lazima uijue saa ya maji. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa yameacha ufuko mtupu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inageuka, asubuhi saa nne ndiyo maji yako. Kujaa huchelewa kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo usipange "kila siku saa kumi na moja" kama mtu wa ofisini. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia hata bila kutazama kalenda. Ingia maji yakiwa bado yanajaa au yamesimama. Yakianza kupwa, toka, maana hapo ndipo yanapovuta kuelekea nje. Usiende peke yako hata kama unajua kuogelea. Mimi nilikwenda na shoga yangu wa mtaa wa pili, naye ana nyonga mbovu.

Mavazi: dera usivae, linajaa maji na kukuzungukia miguuni. Vaa taiti na fulana ndefu, na kanga mbili zikungoje ufukweni. Miguuni vaa yeboyebo zenye kamba ya nyuma, kwa ajili ya miiba ya baharini na chupa zilizovunjika. Mwenye kisukari asiingie peku kabisa, na akitoka akague nyayo zake moja moja, kwa sababu anaweza kujikata asisikie.

Mle majini tembea sambamba na ufuko, si kuelekea kilindini. Dakika tano mbele, kisha ubavuubavu kama kaa, kisha kinyumenyume. Mikono iwe chini ya maji, viganja vikisukuma. Dakika kumi jumla zinatosha wiki ya kwanza, mara tatu kwa wiki. Ongeza dakika mbili tatu kila wiki kama asubuhi inakuruhusu. Mimi nilifika nusu saa baada ya miezi miwili na nikabaki hapo. Ukitoka utahisi mwili mzito ghafla kama umebebeshwa gunia. Kaa kwenye mchanga kidogo kabla ya kupanda njia.

Mahali pasipo na bahari, au miezi ambayo maji yamechafuka, kuna baiskeli. Sisi watu wa Tanga tumezaliwa nayo, mji wetu ni tambarare, na mama mwenye baibui juu ya baiskeli si ajabu barabara yoyote ya Ngamiani. Ila wengi tunaketi chini mno, tukitaka miguu iguse ardhi. Hilo ndilo linaloumiza goti kwa mbele. Mwombe fundi apandishe kiti mpaka uweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa na mguu unyooke. Ukihamia kukanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litakuwa limekunjika kidogo tu. Kama unaogopa kuanguka, chukua ya kike isiyo na bomba la kati. Pedeli iwe nyepesi. Panapohitaji kusimama kwenye pedeli, shuka ukokote.

Kutembea nchi kavu nilikuahirisha mpaka mwezi wa tatu wa mazoezi. Vipande vya dakika kumi, asubuhi, mchana kivulini, jioni, kuliko safari moja ndefu. Vaa raba yenye soli laini. Ndala haikai mguuni. Ukitumia bakora ishike kwa mkono ulio upande wa goti zima, si upande wa goti bovu kama wanavyofanya wengi, na ipige chini pamoja na mguu unaouma. Nilikuwa nikishika kinyume muda wote huo. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mimi nilizifikia mwezi wa sita, nikichanganya maji, baiskeli na miguu.

Kisha tazama nyumbani, maana unaweza kutunza goti ufukweni na kuliua jikoni. Adui yangu mkubwa alikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Unakaa chini kabisa, magoti yamekunjwa hadi mwisho, nusu saa, kisha unainuka kwa kujisukuma. Sasa mbuzi yangu iko juu ya benchi, nami naketi kwenye benchi hilo hilo. Ndoo ya kufulia iko juu ya meza. Jiko la mkaa limepandishwa juu ya matofali. Na ngazi usizifanye zoezi. Ukilazimika, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mbovu.

Lazima niseme na la chakula, kwa sababu miezi miwili ya kwanza nilitembea majini kwa bidii na mizani haikusogea. Maandazi mawili na chai ya maziwa yenye sukari yanazidi kile unachochoma kwa nusu saa majini. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja. Pima mwenyewe: hiyo inakaribia kilo moja na nusu ya sukari kwa mwezi, ya mtu mmoja. Nilishuka kijiko kimoja kila wiki mbili mpaka nikafika sifuri. Wali sikuuacha, nilibadili mpangilio wa sahani: nusu matembele au mchicha, robo samaki au maharage, robo wali. Tui zito nimeliweka la Ijumaa. Hapo ndipo kilo zilipoanza kutoka, moja kwa mwezi hivi, mwezi mwingine hakuna.

Goti likiwa jekundu na la moto huku una homa, au haliwezi kabisa kubeba uzito, au limekwama halinyooki, au kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kuuma, hapo si pa mazoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye moyo mbovu au presha isiyotulia amuulize daktari wake kwanza kabla ya kuingia majini.

Imepita miezi kumi na minne. Nina kilo 87. Goti la kulia bado linaniuma siku za mvua, na sitegemei liache. Miaka minne nilikuwa naswali juu ya kiti. Mwezi uliopita, alfajiri, nilitandika mswala, nikashuka taratibu mkono ukiwa kitandani, nikasujudu chini. Kuinuka kulinichukua muda. Kesho yake asubuhi nikaandika kwenye daftari: mbili.