Namna ya kutuma kipimo cha usugu wa dawa za VVU, na kuyasoma majibu yake

Kipimo cha wingi wa virusi huonyesha kwamba virusi vimepanda, lakini hakisemi kwa nini. Ama dawa haifiki kwenye damu, ama inafika na kirusi hakiijali tena. Kipimo cha usugu hujibu hilo la pili tu. Ukikituma kabla hujalimaliza la kwanza, majibu huweza kurudi yakisema hakuna usugu wowote, na mteja anabaki na virusi vyake vilevile.

Maelezo haya ni kwa watoa huduma wa CTC (kliniki za huduma na matibabu ya VVU) za Tanga, kuanzia vituo vya mjini hadi Pangani, Muheza na Mkinga. Mahali popote mwongozo wa taifa unaotumika unapotofautiana nayo, fuata mwongozo.

Kabla ya kushika sindano

Mteja aliyefikisha nakala 1,000 za virusi au zaidi kwa mililita ya damu huanza na ushauri nasaha wa ufuasi (kumeza dawa kama ilivyoagizwa): vikao vitatu, kimoja kila mwezi, kisha wingi wa virusi hurudiwa baada ya miezi mitatu ya kumeza vizuri. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo inapoharibiwa kwa kulipua. Ukimuuliza mtu, "Unameza dawa?" atakujibu "Ndiyo," kwa sababu anajua unataka kusikia nini. Muulize hivi: "Mama, tangu Ijumaa iliyopita, dawa zimekupita siku ngapi? Siku hiyo ulikuwa wapi?" Swali hilo halimshtaki, nalo linampa nafasi ya kukumbuka.

Kisha hesabu vidonge naye, mezani, vikiwa mbele yake. Alipewa 90, leo ni siku ya 84, basi vibaki 6. Vikibaki 31, dozi 25 hazikumezwa, karibu dozi 3 katika kila 10. Usimkaripie. Tafuta kilichozizuia. Mvuvi aliyekwenda dago wiki sita na vidonge vya mwezi mmoja hana tatizo la usugu, ana tatizo la idadi ya vidonge alivyopewa. Kibarua wa shamba la mkonge anayetoka kabla ya alfajiri anaweza kuhamishia dozi yake usiku. Mwanamke anayeficha kopo mumewe asilione anahitaji mazungumzo mengine kabisa.

Angalia pia dawa nyingine anazotumia, kwa maana mtu anaweza kumeza TLD (kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) kila siku na bado dolutegraviri isifike kiwango. Anayetumia rifampicini kwa ajili ya kifua kikuu anahitaji dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku: ile iliyo ndani ya TLD, na kidonge kingine cha miligramu 50 saa 12 baadaye. Kabamazepini ya kifafa nayo huishusha. Vidonge vya madini ya chuma vya mjamzito na vya kalisi huishika dolutegraviri tumboni isinyonywe, isipokuwa vimezwe pamoja wakati wa chakula. Kama hali chakula, TLD itangulie saa 2 kabla au ifuate saa 6 baadaye. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hufuata kanuni hiyohiyo ya saa, awe amekula au hajala. Wengi huzinunua duka la dawa na hawazitaji, hivyo ziulizie kwa jina.

Siku ya kuchukua damu

Kipimo kinasoma virusi vilivyomo kwenye damu siku hiyo. Mtu akiacha dawa, kirusi cha asili, ambacho huzaliana haraka kuliko kile chenye usugu, hurudi na kujaza damu. Kile sugu hakifi, kinajificha ndani ya chembe na kusubiri dawa irudi. Badiliko la jeni liitwalo M184V, kwa mfano, laweza kutoweka kwenye majibu ndani ya wiki chache. Kwa hiyo damu ichukuliwe mteja akiwa anameza dawa. Kama ameacha zaidi ya wiki 4, mrudishe kwenye dawa kwanza, pima tena wingi wa virusi, ndipo uamue. Chini ya nakala 1,000 maabara mara nyingi hushindwa kuzalisha jeni za kutosha kusoma.

Sampuli bora ni plazma, yaani majimaji ya damu bila chembe zake. Tumia chupa za EDTA zenye kifuniko cha zambarau. Ile ya kijani ina heparini, nayo huzuia mmenyuko wa PCR, ule unaozalisha jeni za kusomwa. Pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Izungushwe kwenye sentrifuji mapema, ndani ya saa 6 ni salama zaidi, kisha plazma igawanywe kwenye vichupa viwili au zaidi na kugandishwa, nyuzi 70 chini ya sifuri kwa hifadhi ndefu. Ikigandishwa haipaswi kuyeyuka njiani, kwani kila kuyeyuka huvunja RNA, yaani jeni za kirusi. Kama gari la sampuli halina barafu kavu, ni bora damu ifike ikiwa mbichi kwa wakati kuliko plazma ifike nusu imeyeyuka.

Kituo kisicho na sentrifuji hutumia tone la damu kavu: duara tano za kadi, mikrolita 70 hadi 75 kila moja, damu ijae duara kwa mkupuo mmoja bila kuongezea juu yake. Na hapa pwani yetu ina neno lake. Msimu wa masika hewa ya Tanga imejaa maji, na kadi inayoonekana kavu saa 10 jioni bado ina unyevu ndani. Saa 4 za kukausha ni kiwango cha chini kabisa. Iache usiku kucha kwenye rafu ya kadi, ndani, mbali na jua na dirisha. Usiianike, usiielekezee feni wala kitu chochote cha joto. Asubuhi tazama doa: liwe la kahawia iliyokoza kote, pande zote mbili. Likiwa na wekundu unaong'aa katikati, bado. Kila kadi iingie mfuko wake wenye vifuko vya kunyonya unyevu na kadi ya kuonyesha unyevu. Rangi ikibadilika, weka vifuko vipya. Kwa joto la chumba isizidi siku 14, baada ya hapo igandishwe.

Fomu nayo ni sehemu ya sampuli. Andika namba ya CTC, wingi wa virusi wa mwisho na tarehe yake, na kila mchanganyiko wa dawa aliowahi kutumia tangu siku ya kwanza, hata nevirapini ya mwaka 2008. Kwa mteja wa TLD, andika wazi kwamba jeni ya integrasi (kimeng'enya cha kirusi ambacho dolutegraviri hukizuia) isomwe. Maabara nyingi husoma jeni za proteasi na RT, vimeng'enya vingine vya kirusi, peke yake usipoomba, na majibu ya namna hiyo hayasemi lolote kuhusu dolutegraviri.

Kusubiri huchukua wiki kadhaa. Mteja asiachishwe dawa. Kama CD4 (chembe za kinga) ni chini ya 200, mchunguze kifua kikuu na kriptokoka (maambukizi ya fangasi) sasa hivi, bila kungoja majibu ya usugu.

Kuyasoma majibu

M184V inasomwa hivi: katika nafasi ya 184, asidi amino ya asili ni M, sasa ni V. Badiliko hilo huidhoofisha sana lamivudini, lakini pia humdhoofisha kirusi mwenyewe na kuifanya tenofoviri imkamate vizuri zaidi, ndiyo maana lamivudini mara nyingi huachwa humohumo. K65R huipunguzia nguvu tenofoviri na kuiongezea zidovudini. T215Y huonyesha usugu kwa zidovudini. K103N huiondoa efavirenzi na nevirapini. Kwenye integrasi tazama R263K, G118R, N155H na Q148. Hii ya mwisho ikiandamana na G140S, dolutegraviri imeumia sana.

Mfumo wa Chuo Kikuu cha Stanford hugeuza mabadiliko hayo kuwa alama kwa kila dawa: 0 hadi 9 hakuna usugu, 10 hadi 14 huenda upo kidogo, 15 hadi 29 mdogo, 30 hadi 59 wa kati, 60 na kuendelea mkubwa. Usiishie kwenye alama. Njia ya kawaida ya kusoma jeni haivioni virusi vilivyo chini ya asilimia 20 hivi, na vilivyojificha havionekani kabisa. Badiliko lililowahi kuonekana mwaka wowote lihesabiwe kuwa lipo hadi leo.

Majibu yakisema "hakuna usugu" kwa mtu wa TLD, usibadilishe dawa. Rudi kuchunguza ufuasi wake, na kama anatumia zile dawa za kiungulia. Yakionyesha M184V na K65R huku integrasi ikiwa safi, bado usikimbilie kubadilisha: utafiti wa NADIA wa Uganda, Kenya na Zimbabwe, wenye washiriki 464, ulionyesha dolutegraviri pamoja na tenofoviri na lamivudini hufanya kazi vizuri hata hapo. Integrasi ikiwa na usugu, peleka faili lote kwa jopo la wataalamu kupitia hospitali ya rufaa. Ripoti ya WHO ya mwaka 2024 ilieleza usugu wa dolutegraviri wa asilimia 3.9 hadi 8.6 katika tafiti zilizofanywa, na 19.6 kwa waliohamishiwa dawa hiyo virusi vikiwa juu. Kwa hiyo angalia mteja wako alihamia TLD akiwa na nakala ngapi.

Usiongeze dawa moja pekee kwenye mchanganyiko ulioshindwa. Kirusi kitaizoea nayo. Mwenye homa ya ini B asiondolewe tenofoviri hata kama VVU vyake vimeizoea, maana ndiyo inayolilinda ini. Baada ya kubadilisha, pima wingi wa virusi mwezi wa tatu.

Nakala ya majibu ibandikwe kwenye faili na mabadiliko yaandikwe kwenye kadi ya mteja kwa wino. Akihamia Pangani au Korogwe, karatasi iende mkononi mwake.